Kupiga Chapa na Kuchapisha: Istilahi za Printa Kutoka Kiungani Hadi Tunguu

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri, walimu na makarani huwauliza mara kwa mara watu wa istilahi ni hili: kile kifaa kinachotoa maandishi ya kompyuta juu ya karatasi kiitwe printa, kichapishi, kichapishaji au mashine ya kupigia chapa? Swali ni fupi, lakini jibu lake halipatikani kwa kupiga kura baina ya maneno manne. Istilahi haikai peke yake. Hukaa katika ukoo, pamoja na kitenzi chake, mtendaji wake na mahali pake pa kazi. Ukiteua neno moja bila ya kuwatazama nduguze, utazusha ugomvi nyumbani.

Katika makala haya tumekusudia kuufuata ukoo huo tangu ulipoingia Unguja hadi leo, ambapo printa haina hata waya, na kompyuta inayoipelekea kazi huenda inaendeshwa na mfumo huria, yaani mfumo ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Tutajaribu kuonyesha kwamba kilichomo hatarini hasa ni kitenzi, wala si jina la kifaa. Kiswahili kilikuwa na tofauti iliyo wazi baina ya kupiga chapa na kuchapisha. Kompyuta imekaribia kuifuta tofauti hiyo. Programu huria zinatupa njia ya kuirudisha kwa mikono yetu wenyewe.

1. Chapa ilivyofika Unguja

Neno chapa asili yake ni Bara Hindi, ambako kwa Kihindi na Kigujarati lina maana ya muhuri au alama iliyogandamizwa juu ya kitu. Maana hiyo ya kwanza bado tunayo: ng'ombe hutiwa chapa, na bidhaa dukani hujulikana kwa chapa yake. Ulipokuja mtambo wa kutengenezea vitabu, Waswahili hawakuhangaika kutafuta neno. Mtambo ulikuwa ukigandamiza alama juu ya karatasi. Kwa hiyo ulikuwa ukipiga chapa.

Mitambo hiyo ilifika Unguja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya wamisionari wa UMCA, waliohamia Unguja mwaka 1864 wakiongozwa na Askofu Tozer, akiwamo Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu hadi alipofariki mwaka 1882. Steere alikuwa na ujuzi wa kupiga chapa, na vijana waliokombolewa utumwani walifunzwa kupanga herufi za risasi moja moja. Katika skuli ya Kiungani lilitoka gazeti la Msimulizi, lililoanza mwaka 1888. Njia ya pili ilikuwa ya Sultan Barghash bin Said, aliyeanzisha mtambo wake wa Kiarabu karibu na mwaka 1880, uliotoa vitabu vya sheria na dini vya madhehebu ya Ibadhi. Kutokana na Kiarabu tukapata neno matbaa, kwa maana ya kiwanda cha kupigia chapa. Mwaka 1892 lilianza Gazeti la Serikali, na mwaka 1929 likatoka Al-Falaq, gazeti la Jumuiya ya Waarabu.

Katika kipindi chote hicho ukoo wa chapa ulikua kwa utaratibu mzuri. Aliyegandamiza herufi juu ya karatasi aliitwa mpiga chapa au mchapaji. Aliyegharimia kitabu, akakitoa na kukitangaza kwa watu, aliitwa mchapishaji. Tofauti hii inatokana na sarufi yenyewe. Kiambishi -ish- ni cha kusababisha: aliyelisha hakula, bali amemfanya mwingine ale. Vivyo hivyo mchapishaji si lazima aguse wino; amesababisha kitabu kichapwe. Msomaji anayetaka ushahidi na afungue ukurasa wa pili wa vitabu vya zamani, ambamo huandikwa kwamba kitabu kimechapishwa na fulani, kisha chini yake kwamba kimepigwa chapa na fulani mwengine. Serikali nayo ilikuwa na cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali, wala hakikuitwa Mchapishaji Mkuu. Mwenye cheo hicho alipiga chapa. Serikali ndiyo iliyochapisha.

2. Simu, waya na upepo

Kabla ya kuifikia printa isiyotumia waya, tuangalie kidogo neno waya lenyewe, maana hapa Unguja lina historia ya kuchekesha kidogo.

Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja, na habari zikaanza kusafiri kwa dakika badala ya majuma. Jambo hilo jipya liliitwa simu, neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Simu, basi, hapo asili ni waya tu. Baadaye ulipokuja mtambo wa kupeleka habari bila ya waya, watu waliuita simu ya upepo. Kwa mtazamo wa asili ya neno, huo ni waya wa upepo, kitu kisichowezekana. Lakini hakuna aliyelalamika, kwa kuwa simu ilikwisha kusahau uzawa wake na kuwa jina la mawasiliano. Ndipo tukalazimika kuazima neno jingine, waya, kutoka Kiingereza, ili kukitaja kile ambacho simu ilikuwa ikikitaja hapo mwanzo.

Funzo lake ni kwamba asili ya neno si hakimu wa mwisho. Neno huhukumiwa kwa kazi linayoifanya sasa na kwa tofauti linazozilinda. Likihama mahali pake na pengo likazibwa na jingine, hakuna hasara. Hasara hupatikana pale neno linapohama na pengo likabaki wazi.

3. Printa iliyozaa programu huria

Wengi huenda hawajui kwamba harakati za programu huria zina uhusiano wa karibu na printa. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ilipata printa ya leza kutoka kampuni ya Xerox. Printa ya awali ya maabara hiyo ilikuwa na programu iliyoweza kurekebishwa, na mtaalamu mmoja, Richard Stallman, alikuwa ameiongezea uwezo wa kuwaarifu watumiaji pindi karatasi zinapokwama. Alipotaka kufanya hivyo kwa printa mpya alikuta msimbo wake umefungwa. Alipomwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa nao, alikataliwa, kwa kuwa mtaalamu huyo alikuwa ameahidi kutoutoa. Stallman ameieleza mara nyingi habari hiyo kuwa ni moja ya sababu zilizomwelekeza kwenye mradi wa GNU, alioutangaza mwaka 1983, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu ana haki ya kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Ufini alitoa kiini cha mfumo, Linux, na sehemu hizo mbili zikaungana. Kwa muda mrefu, hata hivyo, printa iliendelea kuwa mwiba, kwa sababu kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya kuzungumza na mashine zake. Mwaka 1999 ilitoka CUPS, programu ya Michael Sweet ya kusimamia kazi za printa, iliyojengwa juu ya utaratibu wa pamoja wa kupeleka kazi hizo mtandaoni. Kampuni ya Apple iliichukua CUPS mwaka 2002, na mifumo mingi ya Linux pia ikaitumia. Mwaka 2013 ukatolewa utaratibu unaoiwezesha kompyuta kuiuliza printa yenyewe ina uwezo gani, bila ya kuhitaji kiendeshi maalumu cha kila aina ya printa.

4. Mwaka 2004

Kwa wapenzi wa Kiswahili mwaka 2004 una umuhimu wake. Katika mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ili kuifanya kazi hiyo ilibidi kwanza kutunga orodha ya istilahi za kompyuta. Mwaka huohuo ukatoka mfumo huria wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa tafsiri za Kiswahili za programu zake katikati ya muongo huo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kugongana. Kila mradi ulikuwa na wafasiri wake, orodha yake na haraka yake. Si haki kuwalaumu. Miongozo ya kuunda istilahi tuliyoirithi tangu miaka ya 1970 ilitutaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za nchini, na mwisho lugha za kigeni. Kwa utaratibu huo tulipata ikulu kutoka Kinyamwezi, na kitivo kutoka lugha za milima ya Upare na Usambara. Lakini miongozo hiyo ilitungwa kwa ajili ya vitabu na nyaraka. Haikufikiria neno litakalokaa juu ya kitufe, peke yake, bila ya sentensi ya kulilinda.

5. Kazi yenyewe

Ili istilahi zionekane katika kazi, tuchukue mfano wa Tunguu, katika Mkoa wa Kusini Unguja, ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Tuseme mwalimu mmoja hapo ana kompyuta inayotumia mfumo huria, na ofisi imeletewa printa isiyotumia waya. Kazi ina hatua nne.

Kwanza, printa huunganishwa na mtandao wa ofisi. Jambo hili hufanywa kwenye kioo kidogo cha printa yenyewe, kwa kuchagua jina la mtandao na kuandika nywila. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: printa huunganishwa na mtandao mmoja, na kompyuta iko katika mwingine, kwa mfano ule wa wageni. Haziwezi kuonana hata zikiwekwa juu ya meza moja.

Pili, printa hujitangaza. Hupeleka ujumbe mfupi mtandaoni kusema jina lake na huduma inayoitoa, mfano wa mnadi anayepita mtaani. Kompyuta husikia, na jina la printa likatokea katika orodha.

Tatu, kompyuta hufungua foleni kwa ajili ya printa hiyo. Huiuliza: waweza rangi? waweza kupiga chapa pande zote mbili? unapokea karatasi za ukubwa gani? Ikiwa printa inafuata utaratibu wa pamoja tuliokwisha kuutaja, mazungumzo hayo yanatosha. Ikiwa ni ya zamani, lazima kitafutwe kiendeshi chake.

Nne, hutolewa ukurasa wa majaribio. Ukitoka safi, kazi imekwisha. Usipotoka, mtumiaji atafungua foleni kuona kama kazi inasubiri, imesimama au imekataliwa.

Msomaji ataona kwamba hakuna hatua hata moja iliyotushinda kuieleza kwa Kiswahili. Kujitangaza, foleni, kazi, kusubiri na kusimama ni maneno ya sokoni na bandarini. Upungufu uko mahali pengine.

6. Kitenzi kilichopotea

Baada ya ukurasa wa majaribio mwalimu wetu anafungua mtihani wa mwisho wa muhula na kutafuta kitufe cha kuutoa katika karatasi. Kitufe kinamwambia: Chapisha. Baadaye anafungua programu ya kuwekea masomo mtandaoni, na kitufe cha kutoa maandishi hadharani kwa wanafunzi wote nacho kinamwambia: Chapisha.

Kitenzi ni kimoja, na matendo mawili yanapingana kabisa. La kwanza huuingiza mtihani katika bahasha na kabati lenye kufuli. La pili huufungua kwa ulimwengu. Mkuu wa idara akiuliza, "Mtihani umeshachapishwa?", jibu la ndiyo laweza kuwa habari njema au msiba. Vivyo hivyo afisa wa Serikali anayepokea agizo la kutochapisha rasimu ya sheria kabla ya kuidhinishwa hana njia ya kujua kama amekatazwa kuitangaza, au amekatazwa hata kutoa nakala za kikao. Neno ambalo Msimulizi na Gazeti la Serikali wangelielewa kwa maana moja tu limekuwa na maana mbili, na lile jingine, kupiga chapa, limeachwa nje ya mashine.

Tukilitazama kwa sarufi, kosa hilo limeingia hata katika jina la kifaa. Kichapishi na kichapishaji, kwa mujibu wa kiambishi -ish-, ni kitu kinachosababisha kuchapwa. Lakini printa haisababishi. Yenyewe ndiyo inayochapa. Kama tulitaka jina la asili, lingekuwa kichapaji.

7. Upatanisho wa kisarufi

Kuna kipimo kingine ambacho katika mijadala ya printa na kichapishi hakizingatiwi ipasavyo. Katika programu huria maandishi yote ya kutafsiriwa huwekwa katika faili la kawaida, sentensi ya asili juu na tafsiri chini yake. Sentensi au neno likijirudia mahali kumi, kwa kawaida huandikwa mara moja tu. Kwa Kiingereza hilo halidhuru kitu. Neno moja la kuonyesha kusimama litafaa kwa printa, kwa kazi na kwa foleni. Kwa Kiswahili kitenzi lazima kipatane na ngeli ya nomino yake: kazi imesimama, foleni imesimama, lakini kichapishi kimesimama.

Anayetumia printa hana tatizo, kwa kuwa printa, kazi, foleni na karatasi zote ni za ngeli moja katika umoja, na "imesimama" itazitosha zote. Anayetumia kichapishi au kichapaji atakuwa na mashine inayozungumza Kiswahili kibovu, isipokuwa mtunzi wa programu akubali kuyatenganisha maandishi hayo na kuonyesha kila moja linahusu nini.

Ndipo tunapourudia msimbo ulio wazi. Katika programu iliyofungwa, mfasiri hupewa orodha ya maneno na kutakiwa kuijaza. Hawezi kuona neno linatokea wapi, wala kubadili mpangilio wake. Katika programu huria anaweza kuufungua msimbo, akaona mahali neno linapotumika, akapendekeza litenganishwe, na pendekezo lake likajadiliwa hadharani. Lugha yetu hailazimiki kuinama ili ipite mlango uliochongwa kwa kimo cha lugha nyingine. Mlango wenyewe waweza kuchongwa upya.

Mapendekezo

Kutokana na haya tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wasomaji:

Piga chapa: toa maandishi au picha juu ya karatasi. Penye nafasi finyu, kwa mfano juu ya kitufe, itumike chapa.

Chapisha: toa maandishi kwa umma, yawe ya karatasi au ya mtandaoni. Kitenzi hiki kisitumike kwa kutoa nakala ya karatasi.

Printa: kifaa cha kompyuta cha kupigia chapa. Neno limekwisha kuenea ofisini na linapatana vyema na jamaa zake. Kichapaji kiruhusiwe katika maandishi ya kitaaluma.

Foleni ya printa: mpango wa kazi zinazosubiri kupigwa chapa.

Kiendeshi: programu inayoiwezesha kompyuta kuamrisha kifaa fulani. Kwa kuwa neno hili hutumika pia kwa vifaa vya diski, tunashauri libaki kwa programu tu, na vifaa vya kuhifadhia viitwe kwa majina yao, kama diski.

Isiyotumia waya: yenye kuwasiliana kwa mawimbi ya redio. Pasiwaya laweza kutumika panapohitajika ufupi.

Hitimisho

Tunajua kwamba orodha haitoshi. Televisheni na runinga zimeishi pamoja kwa miaka mingi, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo, kwa kuwa yote mawili hutaja kitu kimoja. Printa na kichapishi nazo zaweza kuishi hivyo. Kupiga chapa na kuchapisha haziwezi, kwa kuwa hutaja mambo mawili, na atakayeumia kwa kuchanganywa kwake ni mwalimu mwenye mtihani na karani mwenye waraka wa siri.

Zanzibar ina mahali pa kuianzia kazi hii. Chuo Kikuu kinafundisha kompyuta na Kiswahili, na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970, sasa iko chini ya chuo hichohicho. Mwanafunzi wa kompyuta na mwanafunzi wa lugha wakiketi mbele ya faili moja la tafsiri, wa kwanza akieleza neno linatokea wapi na wa pili likae katika ngeli gani, watakuwa wanaendeleza kazi ya wale vijana wa Kiungani waliopanga herufi za risasi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali watuletee maoni yao, na zaidi ya hayo watuletee sentensi walizozikuta ndani ya mashine, jinsi zilivyo, ili istilahi zipimwe pale zinapofanya kazi.